Maji ya Mombasa yanaanzia Kajiado: funzo la Kitengela kwa watu wa Pwani

Mtu wa Pwani akisikia jina la Kitengela hufikiria ploti. Kuna mjomba aliyenunua hamsini kwa mia, kuna jirani aliyehamishia jamaa zake huko kwa sababu ya kazi ya Nairobi, na kuna matangazo ya madalali yanayoingia kwenye simu kila siku. Akisikia kwamba simba wameuawa Kajiado au ndovu wameingia mashamba ya Kimana, huona hayo ni mambo ya bara, wayamalize Wamaasai na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) huko kwao.

Makala haya yanasema kwamba mambo hayo ni yetu pia, na sababu yenyewe iko jikoni kwetu. Mombasa haina mto wake. Maji yake hutoka chemchemi za Mzima, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Mzima na Baricho, ukifuata maji yake kwenda juu, utafika Kajiado. Na ardhi ya Kajiado inakatwa vipande, mwaka baada ya mwaka, kwa njia ile ile iliyoimaliza Kitengela. Tuanze basi na Kitengela, kwa kuwa huko mchezo umekwisha kuchezwa na matokeo yake yanaonekana.

Njia ya nyumbu ilivyofungwa

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa Desemba 1946. Ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 117 tu. Makundi makubwa ya nyumbu na punda milia hayawezi kuishi mwaka mzima ndani ya eneo kama hilo. Kilichowaokoa ni kwamba upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, haukuwekwa ua. Mvua zikinyesha, wanyama walivuka na kuteremka kwenye tambarare za Kitengela na Kaputiei, ambako nyasi ni fupi na zina madini wanayohitaji majike wanaonyonyesha. Kiangazi kikiingia walirudi mbugani kufuata maji yasiyokauka. Simba waliwafuata huku na huku. Wamaasai nao walihamisha ng'ombe wao kwa kufuata mvua hiyo hiyo. Mtindo huo ulihitaji kitu kimoja tu: ardhi isiyofungwa.

Wamaasai walikuwa wamekwisha kupoteza nyingi. Mikataba waliyotiwa na serikali ya kikoloni mwaka 1904 na 1911 iliwaondoa kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa na nyanda za Laikipia, wakasukumwa kusini. Baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha ranchi za jamii: kundi la familia likawa na hatimiliki moja, likaongozwa na kamati. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Kwa vitendo, wanachama wengi waliona kamati zikiwapendelea wakubwa, vijana waliokua baada ya kuandikishwa hawakuwa na sehemu yao, na benki haikumkopesha mtu kwa ardhi isiyo na jina lake. Kila mmoja akataka chake mkononi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988.

Hapo hapakuwa na ubaya. Mtu ambaye babu yake alihamishwa mara mbili kwa nguvu ya serikali ana haki ya kutaka cheti chenye jina lake. Sisi wa Pwani, ambao wengi wetu tumeitwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wetu, tunaielewa njaa hiyo ya hatimiliki kuliko watu wengi wa nchi hii.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1990 serikali ilianzisha eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje pale Athi River, hatua chache kutoka Kitengela. Maelfu wakaja kutafuta kazi na mahali pa kulala. Viwanda vya saruji vilikuwapo tangu zamani. Nairobi ikajaa na kufurika. Kulingana na hesabu za watu, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulipita watu 150,000 mwaka huo.

Mfugaji mwenye ekari mia aliuza tano kulipa karo. Mnunuzi akaweka seng'enge. Jirani yake akauza kumi kwa sababu mama alilazwa hospitali. Mwingine akauza kwa sababu ukame ulimaliza ng'ombe na hakuwa na kingine cha kuuza. Mwingine, tuseme ukweli, aliuza kwa ajili ya gari na starehe, na mkewe akajua siku alipoona wageni wakipima. Yakaja machimbo ya mawe, mashamba ya maua, makanisa, shule, vituo vya mafuta. Haikutokea siku hata moja ambapo mtu aliketi na kuamua kuifunga njia ya nyumbu. Ilifungwa kwa mikataba midogo midogo ya halali, kila mmoja ukiwa na sababu yake.

Matokeo yamehesabiwa. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba nyumbu wanaohama kati ya mbuga ya Nairobi na tambarare hizo walishuka kutoka karibu 10,000 hadi chini ya 2,000. Sababu kuu ilikuwa nyua, makazi na majengo yaliyowazuia kufika kwenye malisho ya masika. Ndani ya mbuga yenyewe, kulikolindwa na askari, aina nyingi nyingine zilibaki vile vile au zikaongezeka. Kwa hiyo bunduki ya jangili siyo iliyowamaliza nyumbu wa Kitengela. Mwaka 2016 watafiti hao walitoa hesabu ya maeneo yote ya wafugaji nchini: tangu mwisho wa miaka ya 1970 wanyamapori walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68, huku kondoo na mbuzi wakiongezeka kwa asilimia 76.

Gharama inayolipwa na maskini

Njia ikifungwa, mnyama hatoweki siku hiyo hiyo. Kwanza anapotea njia, anaingia bomani, anaua mbuzi, kisha anauawa. Juni 2012 simba sita, wakiwamo watoto, waliuawa kwa siku moja katika kijiji cha Ilmasin, Kitengela, baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, akazingirwa na umati, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi na askari wa KWS. Mei 2023, kusini zaidi katika Kajiado hiyo hiyo, simba kumi waliuawa ndani ya muda mfupi. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, mwenye umri wa miaka 19, ambao ni uzee mkubwa kwa simba wa porini.

Na watu pia hufa. Aprili 2025 simba alimuua msichana wa miaka 14 katika makazi yanayopakana na mbuga ya Nairobi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa italipwa shilingi milioni tano, na aliyelemazwa milioni tatu. Muulize mtu yeyote wa Kwale au Taita Taveta aliyewahi kufuatilia fidia ya ndovu, atakueleza umbali uliopo baina ya kilichoandikwa na kinachofika mkononi.

Pamoja na hayo, Kitengela haikukaa kimya. Kijana wa huko, Richard Turere, akiwa bado mtoto alitengeneza taa za kumeta zinazotumia nguvu za jua ili kuwafukuza simba wasikaribie zizi la babake. Ubunifu wake ukajulikana duniani mwaka 2013. Wafugaji waliokuwa bado na ardhi wazi waliungana katika hifadhi za jamii kama Naretunoi, kusini tu ya mbuga. Na kulikuwa na jaribio moja ambalo linatuhusu zaidi kuliko yote, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Shilingi mia tatu kwa ekari

Mwaka 2000 mashirika ya uhifadhi yalianza mpango wa kuwakodisha wafugaji wa Kitengela ardhi yao. Masharti yalikuwa mepesi: usiweke ua, usiuze kwa mtu wa kujenga, usiwaue wanyama, na uendelee kuchunga ng'ombe wako kama kawaida. Malipo yalikuwa dola nne kwa ekari kwa mwaka, karibu shilingi 300 za wakati ule. Yalitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa, ili yasaidie karo. Mamia ya familia waliingia. Watoto walisoma kwa fedha hizo, wasichana wakiwamo.

Sasa tupige hesabu. Familia yenye ekari mia ilipata shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 2,500 kwa mwezi. Dalali alikuwa akija na bei ya ekari moja tu inayozidi kodi ya miaka mingi ya shamba zima. Tena fedha za kodi zilitegemea wafadhili, na mfadhili akichelewa au akichoka, karo haisubiri. Bado familia nyingi zilishikilia, na mahali ziliposhikilia ndipo palipobaki wazi hadi leo. Watu walionyesha nia. Kilichokosekana ni malipo yanayolingana na thamani ya walichokuwa wakikilinda, na mtu wa kulipa ambaye hatoondoka.

Fikiria ni nani aliyefaidika na ardhi hiyo kubaki wazi. Mbuga ilikusanya viingilio. Hoteli za Nairobi ziliuza picha ya twiga mbele ya maghorofa. Serikali ilisifiwa kwenye mikutano ya dunia. Wote hao walipata. Aliyeibeba gharama ni mama wa Kimaasai anayelala na hofu ya simba, na aliyemlipa ni mfadhili wa ng'ambo kwa muda. Mali inayofaidisha wote na kulipiwa na mmoja haidumu. Hilo ndilo funzo la Kitengela, na ndilo tunalopaswa kulibeba tunapoelekea kusini.

Kutoka tambarare hadi msitu wa ukungu

Ugawaji wa ranchi haukuishia Kitengela. Umeteremka kufuata barabara ya Namanga na ile ya Loitokitok. Kimana iligawanywa. Katika miaka ya karibuni zamu imefika Olgulului, inayoizunguka Amboseli, na Mbirikani, inayopanda hadi kwenye vilima vya Chyulu. Mwaka 2020 shamba la maparachichi la ekari 180 lilizungushiwa ua karibu na Kimana, kwenye mapito ya ndovu. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilifuta kibali chake baada ya kelele nyingi, na mzozo ukafikishwa mbele ya jopo la rufaa za mazingira. Waliolima walisema ardhi ni yao na wana hatimiliki. Walikuwa wakisema kweli. Ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Hapo Chyulu ndipo inapoingia hadithi ya mfereji wako. Chyulu ni safu ya vilima vya volkano baina ya Kajiado na Makueni, ikielekea Taita Taveta, na kilele chake kinapita mita 2,100. Juu yake kuna msitu ambao hauishi kwa mvua peke yake. Alfajiri ukungu unaotoka upande wa bahari hukamatwa na majani, kuvumwani na matawi, ukadondoka ardhini kama mvua ndogo. Humo mna nyati, ndovu, na vifaru weusi wachache ambao askari huwalinda usiku na mchana. Chini ya msitu ni nyasi za wafugaji wa Kimaasai upande mmoja na mashamba ya Wakamba upande mwingine.

Ajabu ya Chyulu ni kwamba haina mto. Mwamba wake wa volkano una matundu kama sifongo. Mvua na ukungu huzama, husafiri chini kwa chini kilomita nyingi, na kuibuka katika mbuga ya Tsavo Magharibi kwenye chemchemi za Mzima, maji meupe ambayo viboko na samaki huonekana ndani yake. Tangu miaka ya 1950 bomba limechota sehemu ya maji hayo na kuyaleta Voi, Maungu, Mariakani na Mombasa. Yanayobaki huingia mto Tsavo, ambao hukutana na Athi na kuwa Galana, nao huku chini tunauita Sabaki. Huo ndio mto unaolisha visima vya Baricho, vinavyoinywesha Malindi, Kilifi na Mombasa. Na Athi yenyewe imepokea mto Mbagathi, ule ule unaopita kwenye mpaka wa mbuga ya Nairobi kwa upande wa Kitengela.

Kwa hiyo nyasi zikiondolewa juu, sisi tunaona chini. Wavuvi wa Malindi wanajua rangi ya bahari yao kila mvua za bara zinapokuwa kubwa: nyekundu, nzito, iliyojaa udongo unaofunika matumbawe ya hifadhi yao ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Ule ni udongo wa watu wa juu, malisho yaliyokwisha na vilima vilivyochomwa. Chyulu nayo huungua mara kwa mara. Moto unapopanda msituni, mashine yetu ya kukamata ukungu inapungua, na hakuna bomba litakaloleta maji yasiyozama ardhini.

Ukame wa 2022 ulituonyesha jinsi hali ilivyo nyembamba. Serikali ilitangaza mwezi Novemba mwaka huo kwamba ndani ya miezi tisa hivi ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia 381 walikuwa wamekufa nchini. Amboseli na Tsavo ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Wafugaji wa Kajiado walipoteza ng'ombe kwa maelfu. Na mfugaji aliyepoteza ng'ombe, tumeona Kitengela, kinachobaki cha kuuza ni ardhi.

Pwani tumeyaona haya

Wapo watakaosema kwamba hatuwezi kuwafundisha Wamaasai wakati kwetu hatujatengeneza. Ni kweli, nasi hatuna haja ya kwenda kama walimu. Tuna uzoefu wa kushirikiana nao, mzuri na mbaya.

Kwale, katika miaka ya 1990, familia za Waduruma na Wadigo ziliunganisha mashamba yao kuwa hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, karibu na hifadhi ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka 1968. Badala ya kupigania mahindi na ndovu kila msimu, waligawana viingilio vya watalii. Wakati wageni walipokuja, gawio lilionekana. Utalii wa Pwani uliposhuka, gawio likapungua, na minong'ono ya kurudi kulima ikaanza. Ni ugonjwa ule ule wa Kitengela: uhifadhi uliosimama kwa mguu mmoja. Na msitu wa Shimba ndio unaolisha Marere.

Gede, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 ili majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke wafuge vipepeo na kuuza mabuu yao nje ya nchi. Ulitokana na hoja rahisi: msitu usiomlisha jirani yake, jirani ataukata. Nazo kaya za Wamijikenda zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, lakini wazee wa kaya watakwambia kwamba cheti cha UNESCO hakimzuii mkata kuni wala mnunuzi wa ploti anayesogea ukingoni. Kilichozilinda karne zote hizo ni watu waliokuwa na sababu yao wenyewe ya kuzilinda.

Alipe anayekunywa

Kama hivyo ndivyo, basi kwa Chyulu sababu hiyo ipo, na anayepaswa kuilipia yupo. Ni sisi.

Mfugaji wa Mbirikani anayekaribia kupata hatimiliki yake atakuwa na wageni wawili mlangoni. Mmoja ni dalali. Wa pili, mpaka sasa, ni mashirika ya uhifadhi. Mwaka 2013 shirika la IFAW lilikodi ekari 16,000 za wanachama wa Olgulului katika mapito ya ndovu ya Kitenden. Upande wa Chyulu kuna mradi wa hewa ya kaboni unaozijumuisha ranchi za Mbirikani, Kuku na Rombo, na mapato yake hugawanywa kwa jamii na washirika wengine. Ni mambo mazuri. Lakini bei ya kaboni hupanda na kushuka kwenye masoko ya mbali, na mfadhili ana bajeti yake. Mnywaji wa maji hachoki kunywa. Mombasa haitaacha kuwa na kiu.

Uwezo wa bomba la Mzima ni takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku. Tuseme kila mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000 au madumu 50 ya lita 20, itozwe shilingi moja kwa ajili ya chanzo. Hiyo ni shilingi 35,000 kwa siku, karibu milioni 12.8 kwa mwaka. Kwa kodi ya shilingi 1,000 kwa ekari, mara tatu na zaidi ya ile ya Kitengela, fedha hizo zingekodi zaidi ya ekari 12,000 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ukiongeza Baricho, hesabu inakua. Shilingi moja kwa madumu hamsini: mtaani dumu moja tu la mkokoteni halinunuliki kwa shilingi moja.

Jambo hili si geni nchini. Nairobi ilizindua mfuko wa maji wa Upper Tana mwaka 2015, ambapo kampuni zinazotumia maji huchangia wakulima wa juu ili walinde udongo usiingie mtoni. Kama Nairobi imeona faida ya kumlipa mkulima wa Murang'a, Pwani ina sababu gani ya kutomlipa mfugaji wa Mbirikani?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: bili zenyewe ni kubwa na maji hayaji. Ni kweli, na kampuni zetu za maji zina kazi ya kuziba mabomba yanayovuja kabla ya kumwongezea mama wa Likoni hata senti. Ndiyo maana tozo ianze kwa hoteli, viwanda na bandari, na nyumba ndogo zisamehewe. La pili: fedha zitaliwa. Zitaliwa kama zitapitia mfuko mkuu wa serikali. Zisipitie huko. Ziende moja kwa moja kwenye simu ya mwenye ardhi, kwa orodha iliyobandikwa hadharani, na zilipwe shule zinapofunguliwa, kama ule mpango wa Kitengela ulivyofanya vizuri. Na mkataba uwe na sahihi ya mume na mke, kwa kuwa tumeona nani huuza na nani huachwa.

La tatu ni zito zaidi, na linatoka Taita Taveta. Mzima iko kwao, na kwa miaka mingi viongozi wa kaunti hiyo wamelalamika kwamba bomba linawapita kwenda Mombasa huku vijiji vyao vikichota kwenye mabwawa. Haiwezekani tukamlipa Mmaasai wa juu ya mlima na kumruka Mtaita anayepitiwa na bomba. Tozo ya chanzo lazima iwe na sehemu yao, tena ya kwanza. Jumuiya ya kaunti sita za Pwani ilianzishwa kwa mambo ya namna hii. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa miaka na miaka, na fedha za kandarasi zitatafutwa hadi zipatikane. Kabla ya kutandika chuma, mtu aulize: nani analipwa ili maji yaendelee kuwepo?

Kwa wale wenye ploti zao Kitengela, makala haya hayawaambii waziuze. Kilichojengwa kimejengwa, na watu lazima wakae mahali. Lakini kuna ardhi mpya inayotangazwa sasa upande wa Kimana na kuelekea Chyulu, kwa bei ya kutupa, ikisifiwa kwa kuona Kilimanjaro. Anayenunua huko na kuweka ukuta aulize kwanza kama kiwanja chake kiko kwenye mapito ya ndovu, na kama kaunti imepanga eneo hilo kuwa malisho. Asipouliza, ndovu watamjibu. Na siku mfereji wa nyumba ya mamake Kisauni utakapokauka, asishangae.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitengela waliacha ufa, na leo ni kuta tupu, nyumbu wakizunguka baina yake wakitafuta njia iliyokuwa ya mama zao. Chyulu bado ni ufa. Unaweza kuzibwa kwa shilingi moja kwa madumu hamsini, na kwa viongozi sita wa Pwani kukaa meza moja na wenzao wa Kajiado na Makueni kabla ya wapima ardhi kumaliza kazi yao.